Kampala mpaka Dubai ni kilomita ngapi na ndege inachukua masaa mangapi: jihesabie mwenyewe

Ukiuliza watu watatu pale Kisenyi, Kampala, "Dubai ni masaa mangapi kwa ndege?" utapata majibu matatu na wote watakuapia. Mmoja atasema matano, mwingine tisa, wa tatu atakwambia we bana hio safari inamaliza siku nzima. Na kumbe hakuna aliyedanganya. Wa kwanza amehesabu muda wa hewani peke yake, wa pili alipitia Addis Ababa akakaa hapo akisubiri ndege nyingine, wa tatu anahesabu tangu alipofunga mlango wa nyumba yake Kawempe mpaka alipotupa begi kitandani kule Deira, Dubai.

Mimi nimekuwa nikisaidia ndugu na majirani kukata tiketi, wengi ni watu wa kyeyo, yani wanaoenda kufanya kazi nje, na wafanyabiashara wadogo wanaoenda kuleta nguo na simu, na swali la kwanza kila mara ni hilo. Sa nimeamua niandike hatua zote hapa ili mtu ajihesabie, mji wowote anaotaka, hata kama hana bando la kutosha kufungua masaiti. Nitatumia Dubai kama mfano mkubwa kwa sababu ndio kila mtu anaulizia, alafu nitagusa Nairobi, Kigali, London na kwingine pale panapofundisha kitu.

Hatua ya 1: Jua eapoti, usiangalie jina la mji tu

Kampala haina eapoti ya ndege za kimataifa, tunaondokea Entebbe, na Entebbe iko kama kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala. Kodi yake, yani zile herufi tatu za kuitambulisha kwenye tiketi, ni EBB. Dubai kodi ni DXB, lakini shika hapo hapo, kuna DWC ambayo ni Al Maktoum, nayo iko Dubai lakini mbali kabisa na ile ya kwanza, na kuna SHJ ambayo ni Sharjah, emireti nyingine kabisa ingawa iko jirani. Mtu anaona bei imeshuka anafurahi anakata, kufika huko anagundua teksi ya kumpeleka alikotaka inamla ile hela aliyodhani ameokoa.

London ndio usiseme. Kuna Heathrow LHR, kuna Gatwick LGW, na nyingine kadhaa. Uganda Airlines ilipoanza kwenda London moja kwa moja Mei 2025 ilienda Gatwick, kwa hio ndugu anayekuja kukupokea umwambie vizuri, asije akakungoja Heathrow na maua. Nairobi nayo ina NBO ambayo ni Jomo Kenyatta, na WIL ambayo ni Wilson.

Andika kodi mbili kwenye karatasi. EBB na DXB. Tunaendelea.

Hatua ya 2: Tafuta namba mbili za kila eapoti

Kila sehemu duniani ina latitudo, yani iko mbali kiasi gani na ikweta kuelekea kaskazini au kusini, na longitudo ambayo ni mashariki au magharibi. Fungua ramani kwenye simu, tafuta eapoti, bonyeza kwa kidole uache kimekaa, namba mbili zitatokea. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Mimi nimeshaziandika za kwetu:

Entebbe ni 0.04 na 32.44.
Dubai DXB ni 25.25 na 55.36.

Umeona hio 0.04? Hapo ndipo sisi watu wa Uganda tumebarikiwa na hatujui. Entebbe iko kama kilomita 5 tu kaskazini mwa ikweta, ule ule mstari ambao watu wakienda Masaka wanasimama Kayabwe kupiga picha ndani ya mviringo. Mtu wa Cairo au wa Cape Town akitaka kuhesabu umbali wa miji miwili inabidi atumie fomula ndefu ya kichwa kuuma. Sisi tukianzia Entebbe, kwa vile latitudo yetu ni karibu na sifuri, sehemu kubwa ya hio fomula inajifuta yenyewe na kinachobaki ni kitu cha kalkuleta ya simu.

Hatua ya 3: Hesabu kilomita

Toa longitudo ndogo kutoka kwa kubwa: 55.36 toa 32.44 unapata 22.92. Weka pembeni.

Sasa fungua kalkuleta, lalisha simu ili vile vitufe vya ziada vitokee, alafu angalia vizuri imeandikwa DEG na sio RAD. Hapa ndipo watu wengi wanaharibikiwa, ikiwa kwenye RAD utapata jibu la ajabu alafu utasema mimi ndio muongo.

Piga cos (ni kimoja cha vile vitufe vya ziada) ya latitudo ya Dubai: cos 25.25 inatoa 0.9045. Piga cos ya ile tofauti: cos 22.92 inatoa 0.9211. Zidisha hizo mbili, unapata 0.833. Sasa bonyeza INV au 2nd kulingana na simu yako ili upate cos ya kurudi nyuma, ile yenye alama ya −1 juu, uipe hio 0.833. Itakwambia 33.59 au karibu na hapo. Hizo ni digrii.

Digrii moja juu ya uso wa dunia ni kama kilomita 111.2. Zidisha, 33.59 mara 111.2 ni 3,735. Ukienda kwenye ile saiti ya Great Circle Mapper ukaandika EBB-DXB itakupa karibu na 3,730. Tumekosea kilomita chache tu na tumetumia simu ya kawaida, bila bando.

Hio ndio njia fupi kabisa kati ya sehemu mbili, kama vile ungechukua mpira ukavuta uzi juu yake kutoka hapa mpaka pale. Kwenye ramani iliyolazwa inaonekana imepinda kidogo lakini ndio fupi.

Ukitaka mji wa kusini, mfano Johannesburg ambayo latitudo ni -26.14, hio alama ya kutoa usiijali kwenye cos, jibu ni lile lile. Ukienda nayo utapata kama 2,940. Lakini mji ulio magharibi ya London hivi, ambao longitudo yake ina alama ya kutoa, hapo lazima ujumlishe. Heathrow ni 51.47 na -0.46, kwa hio tofauti sio 32.44 toa 0.46, ni 32.44 jumlisha 0.46, inakuwa 32.90. Fanya mwenyewe, ukipata kama 6,500 basi umeelewa.

Kwa miji ya jirani kama Nairobi, Juba na Kigali usihangaike na cos. Tumia ile hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shule: tofauti ya latitudo zidisha kwa yenyewe, tofauti ya longitudo zidisha kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, zidisha na 111.2. Nairobi iko -1.32 na 36.93. Utapata kama kilomita 520. Kigali inakuja 340 hivi, Juba kama 545. Hii inafanya kazi kwa sababu tuko karibu na ikweta, huku digrii ya mashariki na digrii ya kaskazini ni karibu sawa. Usijaribu kuitumia kwa miji ya Ulaya, itakudanganya sana.

Na tafadhali angalia kipimo. Saiti zingine zinaandika mi, zingine nm. Hio 3,730 ya Dubai ni maili 2,318 za kawaida na ni maili 2,014 za baharini, ambazo marubani hutumia, maana maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Nimeona watu wanabishana kwenye grupu siku nzima kama Dubai ni 2,000 au 3,700 na wote wanaongea kitu kile kile.

Hatua ya 4: Geuza kilomita ziwe masaa

Ndege kubwa ya jeti ikiwa juu kule inakimbia kama kilomita 850 mpaka 900 kwa saa. Lakini haianzi na hio spidi. Inatembea chini polepole kama teksi ya Old Park inayotafuta njia ya kutoka, inasubiri zamu, inapaa, inapanda taratibu mpaka kilomita 10 au 11 kwenda juu, na mwisho wa safari inashuka taratibu pia. Na ule muda ulioandikwa kwenye tiketi unaanza ndege ikisukumwa kutoka geti na unaisha ikiegesha geti la huko, hauanzi matairi yakiacha ardhi.

Kwa hio mimi hutumia hesabu moja nyepesi: gawanya kilomita kwa 850, alafu ongeza dakika 40.

Dubai: 3,730 gawanya 850 ni 4.39. Angalia, 4.39 sio masaa 4 na dakika 39! Chukua hio 0.39 zidisha na 60, ni dakika 23. Kwa hio masaa 4 na dakika 23, jumlisha 40, masaa 5 na dakika 3. Tiketi za moja kwa moja huwa zinaandika masaa 5 na dakika kidogo juu yake, nitaeleza hio dakika kidogo inatoka wapi.

Nairobi: 520 gawanya 850 ni dakika 37, jumlisha 40 ni saa 1 na dakika 17. Safi kabisa. Unaona kwamba kwenye safari fupi zile dakika 40 za kupanda na kushuka ni zaidi ya nusu ya safari yenyewe, chai hata haijapoa rubani anasema fungeni mikanda.

Kama ndege ni ya pangaboi, zile zenye mabawa ya kuzunguka nje kama ATR, usitumie 850. ATR inaenda kama 500 kwa saa. Kwa Nairobi hio ni saa 1 na dakika 40 hivi. Aina ya ndege imeandikwa kwenye tiketi au kwenye ukurasa wa kukatia, ni maandishi madogo lakini yapo. Uganda Airlines yenyewe ilipofufuka mwaka 2019 ilianza na jeti ndogo za CRJ900 zenye viti 76 kwa miji ya jirani, alafu zikaja Airbus A330 mbili kubwa kwa safari ndefu kama hio ya Dubai.

Hatua ya 5: Ongeza kona na upepo

Ndege haifuati ule uzi wa kwenye mpira. Chora mstari wa Entebbe kwenda Dubai utaona unapita juu ya Ethiopia, unavuka bahari karibu na Bab el-Mandeb, alafu unaingia Yemen. Sasa Yemen kuna vita miaka mingi na mashirika mengi hayapiti anga ya upande ule wa magharibi, wanazunguka. Ndio ile dakika kidogo niliyosema. Mimi huongeza asilimia 5 mpaka 10 ya kilomita nikijua njiani kuna nchi yenye matatizo.

Ulaya ndio imeumia zaidi. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023 sehemu kubwa ya anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria, na Sudan iko katikati kabisa ya njia ya kutoka kwetu kwenda juu. London kwa hesabu yangu ni 6,500 gawanya 850 jumlisha dakika 40, inakuja masaa 8 na dakika 19. Lakini ukiona tiketi ya moja kwa moja imeandika karibu na 9 usishangae, ndege inazunguka nchi kubwa mno.

Upepo nao una mambo yake. Kule juu, kwenye nchi za baridi, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Anayeenda nao anafika mapema, anayeupinga anachelewa. Februari 2020 kulikuwa na dhoruba kule Atlantiki na ndege ya British Airways ikatoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, wakati safari hio kwa kawaida ni kama masaa 6 mpaka 7. Huku kwetu karibu na ikweta upepo wa juu sio mkali hivyo, kwa hio Nairobi au Dar hautaona tofauti ya maana kwenda na kurudi. Kwenda Dubai au Mumbai ndio kuna tofauti ya dakika kadhaa, kurudi huwa ndefu kidogo, ukiona hivyo kwenye tiketi sio makosa ya kuandika.

Ukitaka kuhakikisha fungua Flightradar24, saiti ya kufuatilia ndege, andika namba ya ndege iliyo kwenye tiketi yako, angalia siku chache zilizopita iliondoka saa ngapi na ikatua saa ngapi. Hapo utajua pia kama hio ndege ina tabia ya kuchelewa, maana karatasi inasema moja na anga inasema lingine.

Hatua ya 6: Soma saa za tiketi kwa akili ya Kiswahili

Hii ndio hatua ambayo ningekuomba usome mara mbili, hizo nyingine ukikosea umekosea kilomita tu.

Mjomba wangu anaishi Bombo, mzee mwenye kujua mambo, amesoma Kurani yote na hesabu za duka anapiga kichwani. Alikatiwa tiketi na ofisi moja hapa mjini, ya kwenda Dubai, imeandikwa 02:40, Jumamosi. Akasoma saa mbili na dakika arobaini. Asubuhi. Tukaamka alfajiri ya Jumamosi, tukachukua spesho, yani gari la kukodi, tukafika Entebbe saa kumi na mbili asubuhi tukijisifu kwamba tumewahi vizuri. Yule dada wa dawatini akaangalia karatasi, akamwangalia mjomba, akasema kwa heshima, "Mzee, shikamoo, lakini hii ndege iliondoka usiku." Piga hesabu ya Hatua ya 4 uone, wakati sisi tunashusha mabegi ile ndege ilikuwa imebakiza kama masaa mawili itue Dubai. Mjomba alikaa juu ya sanduku lake hakusema neno, na njiani kurudi Kampala alinyamaza mpaka Kajjansi.

Kosa halikuwa la ujinga. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapozama, wenzetu wa Luganda pia wanahesabu hivyo hivyo, na tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa hio fanya hivi. Ukiona 00 mpaka 05, jumlisha 6 na ni usiku: 02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku. Kuanzia 07 mpaka 18 toa 6: 09:15 ni saa tatu na robo asubuhi, 16:25 ni saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Kuanzia 19 mpaka 23 toa 18: 22:10 ni saa nne na dakika kumi usiku. 06 yenyewe ni saa kumi na mbili asubuhi, hio wengi wanaijua.

Alafu tarehe. Tiketi inabadilisha siku saa sita usiku. Kwa hio ndege ya Jumamosi 02:40 ni usiku wa kuamkia Jumamosi, yani unatoka nyumbani Ijumaa baada ya Isha. Kiswahili kina hilo neno zuri la "kuamkia" na naona ndio dawa. Kila nikimkatia mtu tiketi ya usiku siku hizi namwandikia kwa mkono juu ya karatasi: *usiku wa kuamkia* fulani, *toka nyumbani* fulani. Tangu nianze hivyo hakuna aliyeachwa.

Kingine, saa ya kuondoka imeandikwa kwa saa za kwetu na ya kufika kwa saa za huko. Watu wanatoa moja kwa nyingine wanapata muda wa uongo. Dubai wametutangulia saa moja. Chukua mfano tiketi inasema kutoka 16:25 kufika 22:40. Ukitoa unapata masaa 6 na robo, sasa punguza ile saa moja ya kutangulia, safari ni masaa 5 na robo. Wakati wa kurudi unajumlisha: kutoka 09:00 kufika 13:30 inaonekana masaa manne na nusu, kumbe ni matano na nusu.

Nairobi, Dar na Addis saa ni moja na yetu, hakuna cha kuhesabu. India wametutangulia masaa mawili na nusu, ndio, na hio nusu ipo, usiiache. Uingereza wako nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi na mawili wakati wa joto, wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kigali wako nyuma saa moja, na Juba pia tangu Februari 2021. Hapo kwa Kigali ndio pananifurahisha, safari inachukua kama saa moja, kwa hio ukiondoka Entebbe saa nne unafika Kigali saa nne. Mama mmoja jirani alinipigia simu akilalamika kwamba nimemkatia tiketi mbovu, eti ndege inafika muda ule ule inaoondoka.

Ukiona +1 pembeni ya saa ya kufika, unafika siku inayofuata. Mwambie anayekuja kukupokea.

Hatua ya 7: Sasa hesabu safari yote, mlango kwa mlango

Kutoka Kampala mpaka Entebbe kuna barabara ya zamani na kuna ile ya kulipia, Expressway, iliyofunguliwa 2018. Usiku unaweza kufika ndani ya dakika 45. Jioni ya Ijumaa ukipita barabara ya zamani, na mvua ikiwa imenyesha, jamu itakula masaa mawili hivi hivi na wewe unaangalia. Mimi naweka masaa mawili kila mara. Mtu akifika mapema atakaa anywe soda. Kwa boda usiende, na sanduku la kilo 23 utaliweka wapi.

Kwenye eapoti uwe umefika masaa 3 kabla. Kuna ukaguzi getini kabla hata hujaliona jengo, kuna wa kuingilia ndani, kuna dawati la mizigo ambalo mashirika mengi hufunga saa moja kabla ya ndege kuondoka, kuna uhamiaji, na kuna watu wa kyeyo themanini kwenye foleni moja wamevaa tisheti za kufanana. Beba kadi ya homa ya manjano, iweke pamoja na pasipoti, usiifungie kwenye sanduku.

Tuchukue ule mfano wa ndege ya 16:25. Saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Toa masaa matatu, uwe eapoti saa saba na nusu hivi. Toa mawili ya barabara na dakika chache za kusahau chaja ukarudi ndani, toka nyumbani saa tano asubuhi. Unatua Dubai saa nne na dakika arobaini usiku za huko. Uhamiaji na mabegi weka saa moja, unatoka nje karibu saa sita usiku za Dubai, ambayo kwetu ni karibu saa tano. Tangu saa tano asubuhi mpaka saa tano usiku kasoro kidogo, hio ni masaa kumi na mawili kasoro, kwa ndege ya masaa matano. Kwa hio yule wa tatu wa Kisenyi aliyesema siku nzima hakukosea sana.

Kwa wanaobadilisha ndege, jumlisha safari zote mbili na muda wa kusubiri katikati. Kupitia Addis ni kama masaa mawili, alafu kama manne mpaka Dubai, na katikati unasubiri. Ukisubiri masaa mawili hesabu nane, ukisubiri kumi hesabu kumi na sita. Bei ikishuka sana angalia hapo kwanza, mara nyingi umelipwa kulala kwenye kiti cha chuma. Chini ya saa moja na nusu ya kubadilisha mimi siikati hata iwe rahisi vipi, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo umeachwa.

Na Nairobi? Ndege ni saa moja na dakika kumi na saba, lakini jumlisha masaa mawili ya barabara, matatu ya eapoti, moja la kutoka kule, na jamu ya Mombasa Road ya saa nzima. Umefika masaa 8. Basi linachukua masaa 12 au zaidi kupitia Busia au Malaba, kama kilomita 650 za lami. Linaondoka jioni, unalala, unaamshwa mpakani kugonga muhuri, unalala tena, asubuhi uko mjini kabisa na mzigo wako wote. Mimi mwenyewe Nairobi naenda na basi. Dubai sina la kuchagua.